Chura Ndiyo, Nyoka Hapana

Binti yangu Gracia, mwenye miaka saba, aliitwa shuleni aje kucheza mchezo ili ijulikane kama akili yake inatulia. Nilidhani wananitania. Mwalimu wake wa hapa mtaani kwetu Katuba alikuwa amelalamika kwamba darasani macho ya mtoto yanatangatanga, na mkuu wa shule, ambaye sote tunamwita Mama Directrice, akaamua kuwa mchezo ukionyesha hatulii, anarudishwa chekechea. Mtoto anayejua kusoma akakae na wanaolilia mama zao. Damu ilinichemka, ila nikaenda.

Mchezo wenyewe ulikuwa kwenye tableti ya kijana mpole, Mardochée, aliyesomea mambo ya akili za watoto. Akitokea chura, mtoto aguse kioo. Akitokea nyoka, asiguse. Basi. Lakini chumba hakikupatikana, tukawekwa kwenye korido, na korido ya shule ni njia ya kila mtu. Mlinzi akapita. Gracia akaacha vyura, akashuka kitini, akapiga goti, akampa mkono na kumuuliza habari za nyumbani. Akapita mwalimu wa darasa la kwanza, vivyo hivyo. Akapita mama muuza maandazi, na huyo akianza maneno hamalizi. Vyura wakaja wakaenda zao.

Mardochée akaniambia kwa huruma kwamba matokeo ni mabaya, mtoto anavutwa na kila kitu. Kila kitu! Kwetu mtoto akimwacha mtu mzima apite bila salamu, aibu ni ya mama yake. Mimi mwenyewe nilimfinya masikio mpaka akazoea. Nikamsihi kijana aanze upya, akakubali, nami nikamshika Gracia mabega.

"Sasa usisalimie muntu. Hata muntu moja. Angalia chura tu."

Alicheza kama fundi. Nilikuwa nimeanza kupumua ndipo Mama Directrice alipofungua mlango wa ofisi yake na kusimama pale.

"Jambo, Gracia."

Gracia akagusa chura. Directrice akarudia. Mtoto hakuinua hata kope. Mchezo ukaisha, Mardochée akatangaza kwa furaha kwamba mtoto ametulia vizuri kabisa.

"Attention iko," Directrice akasema. "Lakini éducation, ile heshima, haiko. Mutoto wa hivi, miye nitamuweka wapi?"

Nilichoka. Nilichoka na chura, na nyoka, na watu wazima wote wa korido ile. Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie yasiyofaa, Gracia akashuka kitini, akaenda kupiga goti mbele yake.

"Jambo, Mama Directrice. Mama alinikatazaka. Lakini nilikuonaka tangu ulifungua mulango. Uko na kiatu moja noire, ingine bleue."

Directrice akatazama chini: kweli, kiatu kimoja cheusi, kingine cha buluu. Mimi na Mardochée tukatazama pia. Kisha akarudi ndani, akavuta mlango, na kutoka huko tukamsikia akisema mtoto aende darasani kwake, tena upesi.