Pikipiki Iliyokataa Kuwaka

Kabla fundi hajafika, Wangare alichukua rangi ya kucha ambayo binti yake Jackie aliiacha alipokwenda shule ya bweni, akaenda nayo kibandani. Alipaka nukta nyekundu kwenye kabureta, nyingine chini ya tangi, nyingine pembeni mwa klachi. Alikuwa amesikia mengi hapo kijijini kwao, Bahati, kuhusu mafundi wanaofungua kitu kizuri na kurudisha kibovu. Hakujua kama fundi huyu, Khaemba, ni mmoja wao. Hakujua pia kama si mmoja wao.

Pikipiki ilikuwa ya mumewe, Kiarie. Ilikuwa imelala chini ya magunia tangu mwaka uliopita, baada ya lori kumgonga kwenye barabara ya Nyahururu na kumvunja mguu. Mguu ulipona, akatupa magongo, akarudi kulima. Lakini kila Wangare alipotaja kuitengeneza pikipiki, jibu lilikuwa moja: "Engine ilikufa, Mama Jackie. Wachana nayo." Kisha Kiarie alikuwa akitoka nje kuangalia ng'ombe ambao hawakuhitaji kuangaliwa.

Halafu kulikuwa na Mathenge, mdogo wake Kiarie. Mathenge alikuwa amekuja mara mbili akitaka kuichukua. "Niwatolee hii chuma, inawajazia nafasi bure," alisema. Mara ya pili alikuja na mtu kutoka Gilgil, eti makanika. Mtu huyo aliipiga kiki kidogo, akatikisa kichwa, akasema engine imekwisha. Hakufungua hata boliti moja. Wangare alikuwa amesimama mlangoni akimwangalia, na tangu siku hiyo swali moja lilimkaa kifuani: kama imekufa, Mathenge anaitakia nini?

Sasa mvua zilikuwa zimeharibu njia yao na gari la maziwa halikuingia tena. Maziwa ya jioni yalikuwa yakichachia kwenye mikebe. Ndipo asubuhi hiyo, Kiarie alipoteremka shamba la chini kukata nyasi za napier, Wangare akampigia Khaemba simu bila kumwambia mtu.

Khaemba alifika na mkoba wa spana na kopo la mafuta taa. Wangare aliweka kigoda karibu, akaketi, akaanza kuchambua maharagwe ambayo hayakuwa na uchafu.

Fundi alifungua kifuniko cha tangi, akanusa, akarudisha kichwa nyuma haraka.

"Hii si petroli tena, Mama Jackie. Sikia hiyo harufu."

Wangare aliinama. Ilinuka kama rangi ya ukuta iliyosahauliwa stoo. Khaemba aliimwaga kwenye beseni, nayo ikatoka nyekundu-nyekundu kama chai ya rangi, ikiwa na vumbi la kutu. Akatia mafuta taa na konzi ya nati ndogo ndani ya tangi, akalitikisa mpaka jasho likamtoka. Alipofungua kabureta, utando wa kahawia ulikuwa umeganda ndani kama gundi. Alitoa uzi mmoja kwenye waya wa breki uliokatika, akaanza kuzibua tundu zake moja baada ya nyingine, akipuliza na kuangalia mwanga.

Alipokuwa akirudisha kabureta, alisimama ghafla.

"Hii nyekundu ni nini?"

Wangare hakuinua macho kwenye maharagwe. "Ni rangi."

"Naona ni rangi. Ni wewe umeweka?"

"Ni mimi."

Khaemba alimtazama kidogo. "Kuna fundi alikuibia?"

"Hapana. Lakini nasikia."

Khaemba alicheka kwa pua, si kicheko cha furaha, akaendelea na kazi. Baadaye alitia petroli mpya na plagi mpya, akadondoshea engine oili kidogo, akaizungusha polepole kwanza. Kisha akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena, na tena. Hata kukohoa haikukohoa.

"Ajabu," alisema. "Mafuta yanafika. Ni karenti haifiki."

Alivuta ile kofia ya mpira inayokaa juu ya plagi, akachungulia ndani, akachomoa kitu kwa ncha ya bisibisi. Kilikuwa kipande cha mpira wa tyubu, kimekatwa duara vizuri, kimeshindiliwa ndani kabisa. Ukiangalia kwa nje, kila kitu kilikuwa mahali pake.

"Mama Jackie, hii haikuingia peke yake."

Wazo la kwanza la Wangare lilikuwa Khaemba mwenyewe. Aliangalia vidole vyake, akaangalia mkoba wake. Lakini kile kipande kilikuwa kimekauka na kupasuka pembeni, vumbi la siku nyingi limegandia juu yake. Si kitu cha leo. Basi mawazo yakaruka moja kwa moja hadi kwa Mathenge. Alitoa simu.

"Mathenge, kuja hapa nyumbani. Saa hii."

"Kuna nini, Mama Jackie?"

"Kuja utaona kile uliacha."

Mathenge alikuwa karibu, kwenye maduka ya senta, akafika upesi. Alipoona pikipiki imefunguliwa na fundi yuko hapo, uso wake ulibadilika, na Wangare alipoona ule uso alijua amempata. Alimnyooshea kile kipande.

"Ulitaka tuamini imekufa ndio uichukue. Hata ukaleta mtu wako wa Gilgil atudanganye. Ndugu yako mwenyewe, Mathenge, akiwa na mguu umevunjika!"

Mathenge aliangalia chini, kisha akaangalia njia ya kwenda shamba la chini.

"Si mimi, Mama Jackie."

"Basi ni nani? Ng'ombe?"

"Uliza mwenye pikipiki."

"Usimwingize Kiarie. Kiarie hajui hata..."

Kiarie alikuwa amesimama kwenye kona ya zizi, mzigo wa napier begani. Hakuna aliyejua amesikia kuanzia wapi. Aliutua mzigo taratibu.

"Niliweka mimi," alisema.

Khaemba aliinama ghafla na kuanza kupanga spana zake ambazo zilikuwa zimepangwa.

"Wewe? Kwa nini?"

"Nilijua siku moja utaita fundi."

"Na wewe?" Wangare alimgeukia Mathenge.

"Aliniomba niseme engine imekwisha. Nilikuwa nataka kuitoa hapa asiwe anaiona kila akiamka. Ni hivyo tu. Mimi sina haja nayo."

Mwishowe Khaemba alisafisha koo. "Sasa niipige ama niwache?"

Wote walimwangalia Kiarie. "Piga," alisema, lakini sauti yake ilikuwa ndogo.

Ilikataa, ikakohoa, kisha ikawaka. Moshi mweupe ukajaa kibandani na kuku wakatawanyika. Kiarie alirudi nyuma hatua kadhaa kama mtu aliyesukumwa, akageuka, akaenda nyuma ya zizi.

Wangare alimfuata. Alimkuta ameshika ukuta wa mbao kwa mikono miwili.

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Naogopa? Mimi ambaye Bahati nzima wananiita Kiarie wa nduthi, mtu wa pikipiki?" Alipumua. "Nikisikia tu hiyo sauti, naona zile taa za lori. Sio usiku peke yake. Hata hapa, na jua hivi."

Wangare aliegemea ukuta huo huo. Alikuwa amemshuku fundi, amemshuku shemeji, na wakati huo wote aliyekuwa akimficha ukweli alilala naye kitanda kimoja. Hilo lilimuuma kuliko uongo wenyewe. Alianza kukumbuka mambo mengine: Kiarie akitembea kwa miguu hadi senta hata mvua ikinyesha, Kiarie akisema kanisani amechoka kusimamia vijana wa bodaboda. Alijiuliza ni yapi mengine aliyoyaona bila kuyaona.

Alirudi kwa Mathenge akamwomba msamaha mbele ya fundi. Mathenge alisema si kitu, ingawa chai aliyopewa siku hiyo hakuimaliza.

Kazi ya kubeba maziwa aliichukua Wangare mwenyewe. Mathenge ndiye aliyemfundisha kwenye uwanja wa shule ya msingi, Wangare akianguka na kuinuka huku watoto wakimpigia makofi. Kufikia mavuno ya viazi alikuwa akipeleka mikebe senta bila kuteleza. Kiarie aliiosha mikebe na kuifunga kwa kamba, akahakikisha imekaza, kisha akaingia ndani kabla mkewe hajapiga kiki.

Hata hivyo, Jumapili moja Kiarie alitoka amevaa koti la kanisa, akasimama karibu na pikipiki.

"Nibebe," alisema. "Pole pole."

Alipanda nyuma, akamshika mkewe kiunoni kwa nguvu mpaka akamuumiza. Walikwenda hadi mahali njia ya matope inapokutana na lami ya barabara ya Nyahururu. Hapo Kiarie alimgusa bega, akashuka.

"Leo inatosha," alisema, akaendelea kwa miguu.