Karai Jipya la Bi Majivu

Walimwita Bi Majivu kwa sababu kila asubuhi alibeba majivu ya jikoni, akayamwaga kwenye matuta ya mchicha, kisha samadi juu yake. Majirani walicheka. Yeye aliwajibu kwamba asiyejua maana haambiwi maana, akaendelea kumwaga.

Kilichomuuma kilikuwa kingine. Mkwe wake, mke wa mwanawe na mpimaji wa udongo katika maabara, alikataa mtoto wake aonje mboga za shamba lile mpaka lipimwe, maana mfereji wake ulipita nyuma ya karakana ya betri, na betri zina madini ya risasi, sumu kwa watoto. Mjukuu wa kwanza, miezi minane, na bibi mzaa baba haruhusiwi kumlisha hata kijiko!

"Niletee udongo, mama, kwenye chombo kisafi," mkwe alisema.

Bi Majivu alichota kila pembe ya shamba, akauchanganya vizuri, akaupeleka. Majibu yakaja: zinki imezidi kiasi mara sita. Siku hiyo hakumwagilia. Alikaa kwenye kigoda akilitazama shamba alilolilima miaka thelathini, akalia bila kujificha.

Mkwe naye hakutulia. Risasi, aliyoiogopa, ilikuwa chini. Zinki ilitoka wapi? Akafunga safari hadi shambani.

"Mama, ule udongo uliuchanganyia wapi?"

"Kwenye karai langu jipya la bati, kwa mwiko wa chuma. Ulitaka nikuletee kwenye ndoo kuukuu ya plastiki, mkwe mzima, watu wanionaje?"

Mkwe aliligeuza karai. Ndani lilikuwa limechubuka, zinki iliyopakwa juu ya bati imekwanguka.

"Mama, umenipimisha karai!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha wakachota upya, udongo na majani ya mchicha, kwa ile ndoo kuukuu.

"Risasi ipo kidogo," mkwe alisema majibu yalipotoka, "lakini majivu na samadi yako vimeibana humo humo udongoni. Kwenye majani haijapanda. Nani alikufundisha?"

"Mama mkwe wangu. Nilimbishia miaka mitatu."

Mkwe akainama kidogo, akamkabidhi mtoto na kijiko.

Mtoto alionja, akakunja uso, akautema mchicha wote kwenye nguo ya bibi yake. Mkwe alitaka kumpokea, lakini Bi Majivu hakumwachia.

"Baba yake naye alianza hivi hivi," alisema, akachota kijiko cha pili.

Mdomo ukafunguka.