Tofali Namba Tisa

Siku toroli lilipombana Mama Pacha ukutani, kiwanda kizima cha ufuaji kilisikia kishindo isipokuwa yeye. Aliona tu shuka nyeupe zilizoloa, mzigo wa hoteli mbili, zikimjia kwenye mteremko wa saruji unaotoka kwenye mashine kwenda chumba cha kukaushia. Chuma cha mbele kikamwingia chini ya mbavu za kushoto. Alibaki wima, kabanwa, akasema, "Nisaidieni kulisogeza," kwa sauti ya mtu anayeomba kupitishiwa chumvi. Walipolisogeza, akaanguka.

Alipasuliwa mchana uleule. Bandama, kile kiungo laini kinachokaa upande wa kushoto wa tumbo, lilikuwa limepasuka, wakalitoa. Utumbo ulichanika sehemu moja, wakaushona. Alipozinduka, mume wake, fundi viatu, alikuwa ameketi kando ya kitanda, gundi bado imemganda kwenye kucha. Mama mkwe alikuja jioni, akautazama ule mshono mrefu, akasema, "Mwanangu, sasa wewe ni begi. Imebaki zipu tu." Mama Pacha alicheka, akajuta kucheka.

Siku ya nne akaja mtu wa bima ya kiwanda, shati limepigwa pasi, mkononi ana mfuko wa machungwa na karatasi moja. Alisema kiwanda kimeumizwa sana na jambo hili. Kitalipa hospitali, na mishahara ya miezi miwili juu yake. Kilichobaki ni saini tu.

Fundi viatu alikuwa ameshapokea kalamu.

"Baba Pacha, nisomee kwanza," mkewe akasema. "Yote."

Akasoma. Mstari wa mwisho, kwa herufi ndogo, ulisema mfanyakazi hatadai kitu kingine chochote, sasa wala baadaye. Kalamu ikarudi kwa mwenyewe. Mtu wa bima alipoanza kukusanya vitu vyake, Mama Pacha akasema taratibu, "Machungwa acha."

Kwa hiyo madai yakapelekwa ofisi ya kazi, na wakili wa chama cha wafanyakazi, mwanamume mwembamba mwenye mkoba mzito kuliko yeye, akayasimamia. Majibu ya kiwanda yalikuja yakiwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulidai breki ya toroli ilikuwa nzima, na mfuaji aliliacha liserereke kwa uzembe wake. Wa pili uliandikwa na daktari wao, aliyempima Mama Pacha kwa dakika kumi: bandama lilikuwa limevimba tangu zamani kwa malaria, na lingepasuka hata kwa kikohozi.

Habari ya kikohozi ilimkasirisha. Habari ya uzembe ilimnyima raha, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Breki za matoroli zilikuwa zimekufa kwa mwaka mzima, na kila mfuaji alizuia gurudumu kwa tofali. Siku ile alilisukuma tofali pembeni kwa mguu ili alisogeze toroli kidogo. Mtu akamwita, akageuka kuitika, na tofali hakulirudisha. Miezi mitano sasa alikuwa akiishi na jambo hilo, mumewe akimpakia dawa kwenye kovu na kuwalaani watu wa kiwanda, yeye akitazama dari.

Siku mbili kabla ya shauri, wakili alimketisha ofisini kwake.

"Ukiulizwa habari ya breki, sema ilikufa. Ni kweli. Ishia hapo."

"Na nikiulizwa kama nililizuia?"

Wakili aliacha kuandika. "Hilo swali mimi sijalisikia," akasema, "na wewe hujaniuliza."

Shauri lilisikilizwa ghorofa ya pili, katika chumba chenye meza moja ndefu na feni inayolalamika. Afisa wa kazi alikuwa mama wa makamo, miwani yake imening'inia shingoni kwa uzi. Upande wa pili waliketi meneja na mtu wa bima. Nyuma yao alikaa msimamizi wa wafuaji, shahidi wa kiwanda, kofia yake magotini. Hakumsalimia Mama Pacha, yeye ambaye kwa miaka sita hakuwahi kumpita bila kuuliza hali ya wale mapacha.

Barua ya daktari mpasuaji ilisomwa kwanza. Bandama lilipimwa baada ya kutolewa. Uzito wake ulikuwa wa kawaida, halikuwa na uvimbe wa zamani. Afisa akauliza upande wa kiwanda kama wana la kuongeza. Mtu wa bima akafunua karatasi, akafunika. Fundi viatu, aliyeketi nyuma ya mkewe, akashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu waingie.

Kisha meneja akaapa. Breki za matoroli yote ni nzima, alisema, zinakaguliwa kila mwezi, na hizi hapa fomu za ukaguzi, zimegongwa mihuri. Afisa alizipitia moja moja, akaziweka kando.

Mtu wa bima akamgeukia Mama Pacha. Sauti yake ilikuwa ya upole, ileile ya siku ya machungwa.

"Mama, swali moja tu. Uliliacha toroli kwenye mteremko likiwa limezuiwa, au halikuzuiwa?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mfupi, mwepesi, na hakuna mtu aliyekuwa akitazama gurudumu siku ile. Alihisi wakili amekauka kando yake kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Alihisi macho ya mumewe kisogoni. Akafikiri kwamba neno hilo akilisema atalibeba, na daktari alimkataza kubeba vizito.

Akajikaza kisabuni.

"Halikuzuiwa," akasema. "Nilisahau kurudisha tofali."

Wakili akafumba macho. Nyuma yake, kiti cha fundi viatu kililia. Mtu wa bima akaanza kuandika haraka, na akasema hana swali jingine.

"Mimi ninalo," akasema afisa wa kazi. Alivaa miwani. "Tofali gani?"

"La kuzuia gurudumu. Kila toroli lina lake."

"Lake?"

"Yana namba, mama. Tulikuwa tukiibiana, hapakuwa na amani. Yakapakwa namba kwa rangi nyekundu, kila mtu na la kwake. Langu ni tisa."

Afisa alizivuta tena zile fomu zenye mihuri. Hakumtazama Mama Pacha sasa, alimtazama meneja.

"Breki ni nzima, zinakaguliwa kila mwezi. Matofali yana namba za nini?"

Meneja alisema hajui matofali yoyote. Wafuaji wana mambo yao, alisema. Huenda ni ya kukalia.

Afisa akamwita msimamizi. Yule mzee alisimama, kofia ikaanguka, hakuiokota. Alimtazama meneja, na meneja alimrudishia jicho ambalo kila mtu chumbani alilielewa. Feni ilizunguka. Msimamizi alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu.

"Nani aliyapaka hayo matofali namba?" afisa akauliza.

"Mimi," akasema.

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Rangi niliiomba ofisini. Niliomba breki mara tatu, kwa maandishi. Nikaletewa rangi."

Mtu wa bima aliweka kalamu chini.

Kwenye ngazi, walipokuwa wakishuka, Mama Pacha amejishika tumbo kama alivyozoea siku hizi, mumewe alimuuliza kwa nini hakumwambia.

"Ningekuambia, ungenishauri ninyamaze."

Fundi viatu alishuka ngazi tatu zaidi akifikiri. "Ningekushauri hivyo," akakubali. Kisha akampa mkono aushike.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki tatu. Kiwanda kilipatikana na hatia, na bima ikaamriwa kulipa fidia ya jeraha na matibabu yake yote ya baadaye, maana mtu asiye na bandama hachezi na homa. Sehemu ya tano ya fidia ilikatwa kwa sababu ya kusahau kwake. Wakili, ambaye sasa alikuwa mchangamfu kupita kiasi, alitaka wakate rufaa wairudishe na hiyo.

"Hiyo iache," Mama Pacha alimwambia. "Hiyo ni ya kwangu."

Mama mkwe alisema hajawahi kuona mtu mpumbavu namna hii, akaenda kumchemshia maji ya kuoga.

Mwezi uliofuata msimamizi alipewa barua ya kufukuzwa. Ilisema amevujisha siri za kazi. Wakili alipita kwenye kibanda cha fundi viatu, mkoba begani, akamkuta Mama Pacha ameketi akipanga nyuzi, akamweleza habari hiyo. Akasema yule mzee amefungua shauri lake, ila wafuaji wote wanaogopa. Anahitaji mtu wa kusema.

Mama Pacha aliweka nyuzi chini.

"Ni lini?" akauliza. "Na saa ngapi?"