Alivyomjibia Mkewe

Mtaani walimwita Spika, kwa kuwa akianza kuongea hakuna mwingine anayepata zamu. Alikuwa fundi makochi, na wapo wateja waliokiri kwamba walikuja kusikiliza stori, kochi baadaye. Mkewe alikuwa msusi, mtu wa maneno machache, anayeweza kumaliza kichwa kizima bila kusema zaidi ya "inamisha shingo". Watu waliposhangaa walivyopatana, alikuwa akitania, "Alinioa ili apate msikilizaji."

Ilianza na fizi za mkewe kutoka damu, na madoa ya zambarau mapajani kama ya mtu aliyejigonga. Wakadhani amepungukiwa damu tu. Vipimo vikarudi na jambo jingine: saratani ya damu, tena ya aina adimu, inayokwenda mbio.

Daktari, mwanamke wa makamo asiyezungusha maneno, aliwakalisha akawaeleza. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa dawa kali za dripu, mgonjwa akitengwa kwenye chumba cha peke yake, halafu apandikizwe uboho, ute wa ndani ya mifupa, wa dada yake ukilingana na wake. "Inaweza kumponya. Inaweza pia kumwondoa mapema, sitawaficha." Ya pili ilikuwa vidonge vya kuupunguza ugonjwa kasi, kuongezewa damu, na kulala nyumbani kwake. "Hiyo haiponyi. Inampa muda." Akamgeukia mgonjwa. "Wewe mwenyewe unaonaje, mama?"

"Tutapambana, daktari," Spika akadakia. "Huyu hamumjui, ni jasiri. Tunachukua ya kwanza."

Mkewe alimtazama, akaitazama mikono yake mwenyewe, kisha akaitikia kwa kichwa.

Kwenye korido alisema taratibu, "Mimi nilikuwa nafikiria kukaa nyumbani."

"Utakaa ukishapona."

Hakulirudia.

Nywele zilipoanza kudondoka aliomba mashine, akajinyoa mwenyewe. "Leo nimepata mteja asiyelalamika nimemvuta," alisema. Spika alicheka, akatoka nje, akalia. Kila alipokwenda kumwona alivaa barakoa na gauni la hospitali, akaketi kando ya kitanda na kumwaga habari: nani kaleta kochi lililotobolewa na panya, nani kagombana na jirani. Mdomo wa mkewe ulijaa vidonda, kumeza mate tu ilikuwa kazi. Hata hivyo, siku moja alimshika mkono.

"Mume wangu, kuna kitu nataka tuongee. Nisipotoka humu..."

"We! Usitutilie nuksi. Utatoka."

"Nisikilize kidogo tu."

"Tutaongea nyumbani," akasema, akarukia habari njema ya dada mtu, kwamba vipimo vyake vimelingana. Mkewe akafumba macho, akamwachia mkono.

Homa ilimkamata kabla ya kupandikizwa. Dawa zilikuwa zimeumaliza mwili nguvu za kujikinga, na maambukizi yakamshinda. Alikata roho asubuhi, Spika akiwa njiani na mashuka masafi kwapani.

Baada ya msiba alirudi kwa daktari kuuliza kama njia ya pili ingekuwa afadhali.

"Sijui," daktari alisema. "Huenda angepata miezi michache. Huenda asingepata. Kuchagua matumaini si kosa."

"Lakini hakuchagua yeye."



Jioni ile shemeji yake, dada wa marehemu, alimkuta karakanani, ameketi juu ya fremu ya kochi ambayo bado haijawekwa sponji. Hakuwa akifanya kazi wala kuongea, na kimya chake kilimtisha.

"Shemeji, alijua unaogopa," alimwambia. "Aliniambia, 'Mwacheni aongee. Akinyamaza ataanguka.'"

"Siku ile alitaka kuniambia nini?"

"Hata mimi sikuambiwa. Alisema ni la kwenu wawili."

Spika akafunika uso kwa viganja, akalia. Mteja mmoja alipita akimsalimu kwa utani, akaona hali ilivyo, akaendelea na safari yake. Shemeji akavuta kigoda, akakaa karibu naye, asimwambie nyamaza wala asimwambie yamekwisha.