Jina la Baba Jena

Kibiti nzima waliujua ulimi wa Zabibu. Aliyeleta ufuta wenye mchanga dukani kwa mumewe aliondoka na mchanga wake na maneno ya kumtosha njia nzima. Lakini leo, ndani ya boma la Utete, ulimi huo ulikuwa umeganda.

"Mumeo anaitwa nani?" Sadala, mkalimani wa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa boma, alitafsiri swali kwa mara ya pili.

"Baba Jena."

Mumewe alisimama ukutani kati ya askari wawili. Nje, lori la kumpeleka Dar es Salaam, kwenye meli ya Bara Hindi, lilikuwa linanguruma. Sheria mpya ilisema Mhindi asiye na kibali arudishwe kwao, ila mwenye mke na watoto hapa. Na wabaya wao walishapeleka maneno bomani: yule mwanamke ni mpishi tu. Mtoto naye hakusaidia. Jena, aliyemwita baba kila mwenye ndevu, alikuwa ametoka kumwita hivyo askari mmoja.

"Dada, Mzungu hajui haya zetu," Sadala alinong'ona. "Anadhani humjui mtu wako."

"Si umtaje wewe!"

"Nimtaje mimi? Wataniuliza nimeolewa lini."

Siku nyingine Zabibu angecheka. Bibi yake, Siti, alimwonya kabla ya harusi: jina la mume halitoki kinywani mwa mkewe. Jirani yao alilitaja la mumewe asubuhi kwa hasira. Jioni mamba akamchukua mume huyo kivukoni. Kwa hiyo Zabibu hakulitamka hata alipohongwa doti ya kanga. "Liseme mara moja tu," mumewe alizoea kumtania, "nijue unalijua." Sasa hakutania. Midomo ilimkauka, macho yake yakiwa kwa Jena.

Akisema, atamuua. Akinyamaza, watamchukua.

Bwana Shauri alifunika kalamu, akaashiria mlango. Askari wakamshika mumewe mikono. Alipita karibu naye, harufu ya karafuu ya nguo zake ikamgusa pua, kisha akawa anampa mgongo.

"Haiderali!"

Sauti ilimtoka kama ya mtu aliyeungua. Haiderali aligeuka upesi, karibu ang'oe mkono wa askari.

"Mwacheni! Mwacheni Haiderali wangu!"

Sadala hakutafsiri. Bwana Shauri alimtazama mwanamke huyo, akamtazama mwanamume aliyekuwa akilia bila kujificha, akaifunua tena kalamu. Nje, lori likaondoka tupu.

Kwenye kivuko cha kurudi, Zabibu alimkalisha mumewe katikati kabisa, mbali na kingo, akakunja kanzu yake ngumini. Maji yalikuwa ya tope, hayaonyeshi kilichomo.

"Nimelipenda," Haiderali alisema. "Lirudie basi."

"Nyamaza, Baba Jena," alinong'ona, akikaza ngumi. "Hatujavuka bado."