Vidole Mdomoni mwa Mwalimu

...na sasa siwezi kutoka, vidole vyangu viwili viko mdomoni mwa mwalimu huyu, vimeshikilia trei lenye ule uji wa rangi ya waridi wa kuchukulia umbo la meno, dakika tatu bila kutikisika, ukitikisika umbo linaharibika unaanza upya, na Kaka analijua hilo, ni daktari wa meno miaka ishirini sasa, ndiyo maana amengoja wakati huu huu kuja kusimama nyuma yangu na maneno yake, anajua sina mkono wa kumzuia wala pa kwenda, mwezi ujao tarehe moja tunaanza, anasema, chumba hiki ni chako, kiti kipya, taa mpya, na dirisha, umeliona dirisha... nimeliona, Kaka, nimekuja kliniki kwako kuangalia pa kufanyia kazi, ukanipa na mgonjwa, sikuja kupanga nyumba, lakini simwambii, nasema mm, ile mm ya mtu aliyekuzwa kutomjibu mkubwa wake, nina miaka thelathini na sita, baada ya udaktari wa meno nimekwenda kusoma tena kupanga meno miaka mitatu mizima, hospitali nzima ya serikali haina mwingine ila mimi, na nikiwa mbele ya kaka yangu bado naguna. Pumua kwa pua, mwalimu, namwambia, hivyohivyo, usimeze, na yeye ananitazama kwa macho yaliyojaa machozi, si ya kulia, ni ya trei, wote hutoka machozi, na jana Mama amenipigia simu, hakuniuliza kama nimeamua, ameniuliza nitavaa nini siku ya kwanza, maana Kaka ameshamwambia nimekubali, na kusema kweli nimekubali, nilimkubalia kwa mdomo Jumapili, wiki tatu zilizopita, mezani kwa Mama, mbele ya wifi na watoto, wakapiga makofi, nikacheka kama zuzu, leo kilichobaki ni kutia saini tu, kwa hiyo hasira zangu ni za nini, ningekaa nimekasirika wapi vizuri zaidi ya hapa penye dirisha?

Hospitali, je, hospitali ndiyo ya kuililia? kiti changu kimekwama tangu mwezi wa pili, hakiinuki, kimelala tu, mgonjwa namwegemeza kwa mto niliotoka nao nyumbani na mimi nafanya kazi nimejikunja mpaka jioni kiuno si changu, waya zikiisha naandika barua, barua inakwenda kwa mkuu wa idara, Bwana Kesho, sisi ndivyo tunavyomwita, kila kitu kwake ni kesho, daktari, kesho tutaliangalia, na foleni ya wanaong'olewa ikiwa ndefu ananitoa kwenye chumba changu nikang'oe na mimi, meno ni meno, anasema, macho makavu kabisa, meno ni meno, wakati nina watoto arobaini na watatu waliofungwa waya wanasubiri kwenye benchi, wengine wametoka nyumbani alfajiri, na mimi niko chumba cha pili nang'oa magego, hapo damu ilikuwa inanichemka mpaka masikio yanawaka moto, na Jumapili ile Kaka aliposema njoo kwangu sikuhitaji kubembelezwa, hilo niliseme, hakunilazimisha mtu, nilikuwa nimechoka, nilitaka kiti kinachoinuka, basi, je, ni dhambi kutaka kiti kinachoinuka...

Dakika moja imepita, saa iko ukutani juu ya kichwa cha muuguzi, na Kaka ameacha kusema nami, sasa anasema na mwalimu, anamwinamia kama mwenye harusi anayekaribisha wageni, mwalimu, huyu ni mdogo wangu, tumbo moja, ndiye atakayekushughulikia sasa, utafurahi mwenyewe, na mwalimu hawezi kujibu, hata kutikisa kichwa hawezi, ananitazama tu, na mimi naona tena kile nilichokiona kabla sijaweka trei, nilipokuwa nafunika vile vibati vya menoni vinavyoshika waya kwa nta ili uji usiving'ang'anie, nikauona waya, nikadhani nimeona vibaya, nikausogelea, ni ule waya mwembamba wa kuanzia, laini kama uzi, unaowekwa siku ya kwanza kabisa na kutolewa baada ya miezi mitatu, na nyuma ya kila chonge kuna pengo, mapengo manne, mapana, safi, meno mazima yaling'olewa pale ili mengine yasogee, na hayajasogea, hakuna lililosogea, namuuliza Kaka, kwa sauti ya chini, bila kugeuka:

"Huu waya uliwekwa lini?"

"Usianze. Mgonjwa anasikia."

"Lini, Kaka?"

"Mwaka na miezi miwili. Aliyeuweka alipata kazi kwingine. Wagonjwa wake sisi tumewatunza."

Tumewatunza. Muuguzi ameangalia chini, anajifanya anapanga vifaa ambavyo vimeshapangika, na hapo ndipo ninapoelewa, vile vimpira vya rangi vya kufungia waya, leo vya mwalimu ni vya bluu, ni vipya, vinang'aa, kila mwezi amekuwa akija, anakaa kwenye kiti kizuri, muuguzi anamtolea vimpira vya zamani anamvalisha vya rangi nyingine, mwezi huu zambarau, mwezi ujao kijani, anaondoka anatabasamu akidhani meno yanatembea, mwaka mzima na zaidi anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, mtu mzima, mwalimu wa watu, na darasani akiandika ubaoni watoto wanamcheka mapengo anajiambia vumilia, yataziba, na kaka yangu mwenyewe, aliyenifundisha kushika mswaki, amesimama hapa ananukia sabuni hana haya wala hajui vibaya, ningekuwa na mkono mmoja huru, wallahi ningekuwa na mkono mmoja... na kumbe sikuitwa kwa sababu ya udugu, nimeitwa kuzibia aibu, wako wangapi kama huyu, kumi, ishirini, wote mwezi ujao waambiwe huyu ni mdogo wangu, tumbo moja, na yule aliyeondoka ni mtu gani huyo, unang'oa meno ya mtu halafu unahama, unamwachia mashimo mdomoni unakwenda kutafuta dirisha lako, hakumwambia hata, hakuna aliyemwambia, mtu wa aina gani anayeweza...

Jumapili. Nilimkubalia Kaka Jumapili, na Jumanne yake, siku mbili baadaye, alikuja yule binti wa miaka kumi na mitatu, Kiganja, nimempa jina hilo kwa kuwa hacheki bila kuziba mdomo kwa kiganja, alikuja na baba yake, nikachukua karatasi nikaandika ang'olewe manne, mazima, nyuma ya chonge, ili kupatikane nafasi, na yeye akaniuliza, halafu mashimo yatazibwa na nani, nikamwambia na mimi, polepole, miaka miwili, wewe na mimi, na akatoa kiganja mdomoni akacheka, nilijisikia mtu mzuri sana siku ile, nikatoka nikanawa mikono nikaenda chai, na nilikuwa nimeshakubali, wiki tatu sasa ana mashimo manne na mimi niko hapa naangalia dirisha, na wale arobaini na wawili wengine, sijamwambia hata mmoja, nilikuwa nimepanga kuwaambia kesho, kesho, eti namcheka mkuu wa idara. Kaka anasema dakika tatu zinakaribia, kisha tutakwenda ofisini tumalize ile karatasi yetu, na mimi nashikilia, mwalimu anapumua kwa pua, vidole vyangu vimekufa ganzi, sihami hospitali, Kaka, hivyo ndivyo nitakavyomwambia, mwalimu akishatoka kiti hiki, na mwalimu nitamweleza mwenyewe waya huo ni waya gani, usoni pake, na akitaka anifuate kule kwenye kiti changu kibovu, Mama atalia, wifi atasema najidai, mezani kwao sitakaa mwaka mzima, potelea mbali, miaka miwili, mpaka mashimo manne ya yule mtoto yazibe, nimejikunja vivyo hivyo, na asije mtu akaniita mwema kwa hilo, maana ile Jumanne nilijua, kalamu ilikuwa mkononi mwangu na nilijua kabisa kwamba naondoka, na niliandika.