Sukari Iliyoishia Kidoleni

Mama alimeza dawa zake za kisukari bila kutia kitu tumboni, sukari ikamporomoka mwilini. Tangu asubuhi alikuwa amelazwa wodini, ametundikiwa dripu ya maji ya sukari. Tuliambiwa angezinduka mapema. Adhuhuri ilifika, naye bado anakoroma, jasho likimtoka.

Mama mdogo hakutulia. Alimfuta dada yake uso, akamfuta mkono wenye sindano ya dripu, kisha na ule mwingine, kidole kwa kidole.

"Nyumbani humlazi huyu mchana hata kwa kamba," alisema. "Leo kapata kisingizio."

Nesi akaja na kipimo. Spiriti ilikuwa imekwisha, hivyo alipangusa kidole cha mama kwa pamba kavu, akadunga. Akaitazama namba mara mbili.

"Imepanda mno."

"Si ndiyo tulitaka ipande?" mama mdogo akauliza.

"Siyo hivi, mama. Hii ni hatari." Akaifunga dripu. "Naleta insulini tuishushe."

Alipoondoka, pumzi za mama zilibadilika, zikawa fupi, za kukwaruza. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na vidole vilinata kama vya mtoto aliyetoka kula miwa. Sisimizi walishuka ukutani kwa msururu, wakapita juu ya kitambaa cha mama mdogo, wakapanda hadi kwenye kucha za mama.

"Wafukuze, mwanangu," mama mdogo alinong'ona. "Sipendi kuwaona hapo."

Nikaufuata mrija wa dripu kwa kidole. Pale unapoungana na sindano palikuwa pamelegea, na shuka chini yake limelowa chapachapa. Nikaonja. Tamu.

Nesi alikuwa anarudi na bomba la insulini mkononi. Nikasimama kati yake na kitanda.

"Dada, nipishe."

"Mwoshe kidole kwanza, Sista, nakuomba. Dripu inavuja. Tumempaka sukari mikono yote miwili."

Alitaka kunisogeza, kisha akawaona sisimizi. Akaliweka bomba chini. Akakiosha kidole kwa sabuni, akakikausha, akadunga upya. Safari hii namba ilikuwa chini mno. Alikimbia kuchukua sukari nzito, akaisukuma mshipani.

Mama mdogo alikuwa amekitupa kitambaa sakafuni. "Ni mimi," alisema. "Kwa mikono yangu hii."

"Ulikuwa unamfuta jasho, mama," nesi akasema. "Mimi ndiye niliyepima."

Baadaye kidogo akapima tena. Sukari ilikuwa imerudi mahali pake.

"Sasa ataamka?" nikauliza.

Nesi alimfunua kope kwa kidole gumba, akammulika, akakawia kuiachia.

"Ubongo umekaa muda mrefu bila sukari," alisema. "Mwiteni. Msinyamaze."

Nikamwita Mama. Mama mdogo akamwita kwa jina la utoto wao, kwa sauti ya chini, kama anayemwamsha waende kuteka maji. Macho yakafunguka. Yakatupita sisi sote, yakaenda darini, yakabaki huko.

Tukaendelea kuita.